Bustani ya Nélida Techera Isiyopaliliwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Tieni maji ya moto ya chai yetu ya yerba kwenye chupa, vuteni viti, tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Nélida Techera, wa nyumba ya mwisho kabla ya mchanga, hapa hapa kijijini kwetu Punta del Cardo. Nélida Techera, yule wa bustani. Ametutoka wiki iliyopita, kiangazi kikiwa kimekolea na maua yake yote yamechanua.

Mnaijua ile bustani. Gladiola nyeupe, dalia nyekundu, waridi linalopanda ukutani. Na katikati yake, bila aibu yoyote, mimea ya mwituni: yale maua ya njano ya mchangani yenye majani ya kijivu, marsela ya kutuliza tumbo, na ule mmea wa zambarau unaotambaa hadi mlangoni. Mgeni akipita alisema huyu mama kashindwa na magugu. Hata sisi tulisema, tena kwa sauti.

Alipoletwa pale akiwa bi harusi, palikuwa mchanga mtupu. Akapanda gladiola. Upepo wa kusini-mashariki ukazifukia. Akapanda tena, zikafukiwa tena. Mwishowe akaona kwamba palipoota mimea ya mwituni, mchanga hausogei. Basi akaacha kung'oa. Binti yake, Mirtha, ameniambia: "Mama alikuwa akisema hawa wa mwituni ndio wenye nyumba. Gladiola ni wageni wao."

Na kila tarehe mbili Februari, siku ya Iemanjá, mama wa bahari, nusu ya kijiji ilikuwa getini kwake kuomba maua meupe ya kupeleka baharini. Alitoa bure. Sharti lake lilikuwa moja: kila shada liwe na tawi la mwituni. Ukilitupa njiani, mwaka unaofuata ulipewa majani matupu. Muulizeni shemeji yangu.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mwaka mmoja Nélida alivunjika nyonga, akalazwa mjini. Jirani yake Wilmar, fundi wa kupaka rangi, mtu mwema sana, akawakusanya wenzake. Tumfurahishe mama wa watu, aliwaambia. Wakaing'oa mimea yote ya mwituni. Wakasawazisha mchanga kwa reki. Wakapanga mawe kuzunguka gladiola na kuyapaka chokaa.

Siku Nélida aliporudi, Wilmar alimsubiri getini, nywele zimechanwa.

"Haya, mama, unaonaje?"

Nélida aliegemea mkongojo wake, akatazama.

"Mawe umeyapaka vizuri, mwanangu. Ila bustani umeivua nguo."

"Si magugu tu yale, mama?"

"Haya. Upepo ukija, na wewe uje, unisaidie kutafuta gladiola."

Upepo ulikuja. Wilmar naye alikuja, na koleo. Gladiola hakuzipata. Hata mawe yake meupe hakuyaona tena. Februari ile tulikwenda kwa Iemanjá na maua ya plastiki, na kesho yake bahari ikawa imeyarudisha yote ufukweni. Ilikuwa aibu, nasema kweli.

Lakini Nélida hakumnunia mtu. Alimwita Wilmar, akampa kofia ya marehemu mume wake, akamtuma kwenye vilima vya mchanga akusanye mbegu. Watu wakamtania: "Wilmar, siku hizi unalima magugu?" Naye akajibu: "Nalima. Na wewe njoo ushike kofia." Wengi waliishika. Bustani ilirudi polepole, ya mwituni kwanza, gladiola baadaye. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu mama yule. Aliyemharibia, alimfanya mwenzake.

Juzi, tulipotoka makaburini, tulisimama uani kwake. Mirtha anaishi Montevideo, hawezi kubaki. Akauliza nani atamtunzia bustani ya mama. Mmoja akasema ataweka ua wa matofali. Mwingine akaahidi nyasi nzuri za kukatwa kwa mashine. Mirtha akazidi kuinamisha kichwa.

"Na wewe, Wilmar?"

"Mimi sitafanya kitu."

Watu wakaguna.

"Nilishawahi kufanya kitu, Mirtha," akasema. "Mama yako kahangaika miaka kukirekebisha. Safari hii mbegu nitazimwaga zikipungua, basi. Kazi nyingine ni kukaa kibarazani na kumzuia kila mwenye jembe."

Mirtha alitoa ufunguo wa geti mfukoni, akamwekea mkononi. Wilmar, mtu mzima yule, alilia mbele yetu sote.

Mirtha, na ukoo wote wa Techera, poleni sana. Tumempoteza mtu wetu, na inauma. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize ni mangapi tumeyang'oa kwa nia njema tupu. Tarehe mbili inakaribia. Geti litakuwa wazi, na Wilmar atakuwa kibarazani. Chukueni maua meupe, na tawi la mwituni msilisahau. Na mkono ukiwawasha kung'oa chochote mle ndani, utieni mfukoni.