Picha za Watu Wanaoangalia Pembeni

Benchi lilikuwa mbele ya kibanda cha Fundi Redio, limeegemezwa ukutani kwa sababu mguu wake mmoja wa nyuma ulishaoza, na waliolizoea walijua namna ya kukaa bila kulemea upande wa kushoto. Bi Kahawa aliweka jiko lake la mkaa pembeni, birika juu, vikombe ndani ya ndoo ya maji. Kipaza, aliyekuwa akitangaza mnadani mpaka mnada wenyewe ulipohamishwa, alikaa katikati, maana sauti yake ilitaka nafasi pande zote. Mwisho kabisa alikaa Dokta. Hakuwa daktari. Aliwahi kufanya usafi hospitalini, na tangu hapo hakuna ugonjwa uliopita mtaani bila yeye kuutolea maoni. Fundi mwenyewe hakuwa mtu wa benchi. Alikaa ndani ya mlango wa kibanda, kichwa kimeinama juu ya redio iliyofunguliwa mgongo, akisikia kila kitu na kuchangia kidogo. Alasiri hiyo mzozo ulikuwa juu ya bahasha aliyoiacha binti yake asubuhi.

Binti alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea upigaji picha. Kwa wiki kadhaa alikuwa akizunguka mtaani na kamera kifuani, na alikuwa na staili yake: anakaa na mtu, wanaongea, mtu anajisahau, ndipo anabonyeza. Picha zilikuwa tayari, na kila mmoja pale benchini alikuwa ameshika yake kwa ncha za vidole.

— Nimeharibiwa sura, akasema Kipaza. Hebu nitazameni. Mdomo wazi kama mtu aliyekanyagwa kidole! Halafu naangalia wapi hapa? Pembeni! Mpiga picha yuko mbele yangu, mimi naangalia pembeni!

— Bora wewe, akasema Dokta. Mimi nimeziba mdomo kwa kiganja. Nani anapigwa picha ameziba mdomo? Na siku hiyo nilikuwa nimechana nywele.

— Zipi? akauliza Bi Kahawa.

Dokta akaigeukia picha ya Bi Kahawa.

— Yako ikoje, dada?

Bi Kahawa akaigeuza waione. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya kichwa, vidole vimekunjwa kana kwamba vinakaza fundo la kitambaa, na kitambaa hakikuwepo. Macho yake nayo yalikuwa pembeni.

— Mungu wangu, akasema Kipaza. Watu watajua umepandisha mashetani.

— Na wewe watajua unadai uliyemkopesha.

— Sikilizeni, mimi nimeshaielewa hii kitu. Ni biashara. Siku hizi sura zinanunuliwa. Unapigwa hapa, unapelekwa ng'ambo, siku unakuja kushtukia umebandikwa kwenye boksi la dawa ya meno.

— Kwa meno yapi hayo?

— Si biashara, akasema Dokta. Ni ya kitabibu. Mtu akiangalia pembeni, kuna mshipa unajitokeza. Wanautazama, wanajua ubongo wako umechoka upande gani. Nilishaona hospitalini.

— Uliona wapi na wewe ulikuwa na fagio mkononi?

— Nilifagia kwa mikono, macho yalikuwa na nafasi.

Kipaza akapokea kikombe cha pili. Alipopata kahawa mawazo yake yalikuwa yakipanda ngazi.

— Basi ngoja niwape kubwa kuliko hiyo. Wanafundisha mashine. Wanachukua mdomo wangu nikiwa nimeufungua hivi, wanatengeneza Kipaza bandia. Anatangaza mnada kutwa nzima, hanywi maji, haumwi koo.

— Mkeo atafurahi, akasema Bi Kahawa.

— Na siku ukifa? akauliza Dokta.

— Bandia anaendelea! Tena anakuja kunizika, na atalia kuwashinda nyinyi.

Ndani ya kibanda, Fundi Redio alitabasamu bila kuinua kichwa. Tabasamu halikudumu. Alikuwa akiitazama ile bahasha tangu asubuhi. Alishaifungua kabla yao wote, akatoa picha moja moja, akazirudisha. Yake haikuwemo. Binti analala chumba cha pili, anakula naye meza moja, kamera inalala juu ya kabati karibu na kofia yake. Na katika mtaa mzima, aliyerukwa ni yeye.

— Mnamsingizia tu mtoto wa watu, akasema Bi Kahawa. Mwaka wa kwanza alipiga picha za vitasa vya milango mtaa mzima. Mkasema anawachorea wezi ramani. Mwaka wa pili akapiga kamba za kuanikia, bila nguo. Mkasema yaleyale. Kuna aliyeibiwa?

— Kamba yangu ilipotea, akasema Dokta.

— Kamba yako ilikatwa na mkeo akafungie kuni. Hebu niambieni kitu kimoja. Kabla hajabonyeza, aliwauliza nini?

Kipaza akakuna shingo.

— Maongezi tu. Aliniuliza, mama yake akitaka kumwita mtu wa mbali, alikuwa anaitaje. Nikamwonyesha. Si mnakumbuka? Marehemu alikuwa akiita mara moja tu, mpaka mbwa wa mtaa wa pili wanasimama.

— Ndipo akabonyeza.

— Ndipo akabonyeza.

— Mimi, akasema Dokta taratibu, aliniuliza mama yake alikuwa anachekaje.

Akainua kiganja hadi mdomoni, akakishusha upesi kama kimemuunguza.

— Nami aliniuliza alikuwa anafungaje kilemba, akasema Bi Kahawa. Kwa hiyo mkae mkijua. Humu hakuna Kipaza, hakuna Dokta, wala mimi simo. Huyo ni mama yake. Anamkusanya.

Kwenye jiko mkaa ukalia kidogo.

Mkewe Fundi alifariki binti akiwa bado anajifunza kutembea. Mwaka uliofuata mvua kubwa iliingia chumbani ikakuta picha zote za nyumba ile kwenye droo ya chini, zikagandana zikawa donge moja. Fundi alijaribu kuzibandua kwa subira yake yote ya kazi. Kila aliyoibandua ilitoka na sura ya mwenzake. Alipomaliza alikuwa na karatasi nyingi nyeupe, na tangu siku hiyo akapunguza kumtaja mke wake, kidogo kidogo, mpaka akaacha kabisa. Hakuamua. Ilitokea tu.

Walikuwa bado wameshika picha zao binti alipotokea mwisho wa barabara akiwa na mwanamke wa makamo mwenye suruali iliyojaa vumbi la chokaa. Mwanamke alikuwa na nyundo mfukoni, na mkononi futi ya chuma, zile za kuvuta.

— Shikamooni, akasema binti. Huyu ni mwalimu wangu wa chuo. Tunatundika picha, maonyesho yanafunguliwa kesho.

— Marahaba, karibuni, wakaitikia, na Kipaza akasogea kumpisha mgeni upande wa kushoto, kisha akakumbuka, akampisha wa kulia.

— Kwa hiyo ndio nyinyi, akasema mwalimu akiwatazama mmoja mmoja. Nimewatia kwenye fremu tangu jana, nawajua kwa nyuso.

— Mwalimu, akasema Kipaza, mambo haya ya kupiga picha ya mtu asiyekuwepo mnayafundisha huko?

— Nilichofanya ni kutoa zoezi: pigeni picha ya kitu ambacho hakipo. Wengine waliniletea sahani tupu. Nikamuuliza huyu wazo lake limetoka wapi, akaniambia limetoka hapa kibandani. Akiwa mdogo alikuwa akikaa chini ya meza, redio inasoma habari, anamuuliza baba yake: huyu anayesoma ana sura gani? Na baba yake anamjibu. Ana mashavu makubwa, shati la kijani, kiatu kinambana. Kila siku sura mpya. Anasema huko ndiko alikojifunza kwamba mtu anaweza kuonekana kwa kusikilizwa tu.

Bisibisi ya Fundi ilisimama. Alikuwa ameyasahau mashavu yale na shati la kijani. Yalimrudia yote kwa mpigo, pamoja na kichwa kidogo kilichokuwa kikiegemea goti lake.

— Sasa mbona baba mwenyewe hukumpiga? akauliza Kipaza, kwa sauti yake ileile isiyojua kunong'ona.

Binti alikuwa akifuta lenzi kwa ncha ya shati lake.

— Yeye ndiye niliyeanza kumuuliza, kabla yenu wote. Kila nikimuuliza, redio inapata hitilafu.

Kipaza akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani.

— Samahani, akasema mwalimu. Nimekuja na swali moja dogo. Picha tunataka tuzitundike usawa wa macho ya marehemu, ili anayeingia awe kama anakutana naye uso kwa uso. Alikuwa mrefu kiasi gani?

— Mrefu! akasema Kipaza. Alikuwa ananipita.

— Mrefu wapi? akasema Dokta. Akinunua dukani alikuwa akiinua visigino ndipo aonekane.

— Mtu mwenye sauti kama ile hawezi kuwa mfupi. Sauti inataka bomba!

— Alikuwa wa kati, akasema Bi Kahawa.

— Wa kati ya nani na nani?

Bi Kahawa akaligeukia birika lake.

— Na isitoshe, akasema Dokta akimgeukia mwalimu, urefu wa binadamu hubadilika. Asubuhi mtu ni mrefu kuliko jioni, ni mambo ya uti wa mgongo. Kwa hiyo swali lako halijakamilika. Asubuhi au jioni?

— Yoyote, akasema mwalimu, futi mkononi.

Waliweza kumwita kwa sauti yake, kucheka kicheko chake na kumfungia kilemba, lakini hakuna aliyejua kichwa chake kiliishia wapi. Binti hakumtazama baba yake. Alikuwa bado na lenzi, ingawa lenzi ilikuwa safi zamani.

Fundi aliweka bisibisi mezani. Akazima umeme wa kibanda, akatoka, akasimama wima mbele yao kama mtu anayesubiri kupimwa nguo. Akainua mkono wa kulia, kiganja kikitazama chini, akautembeza hewani. Ukapanda, ukashuka, ukasita. Ukatulia usawa wa kidevu chake.

— Hapa, akasema. Akiwa peku.

— Na macho, Baba? akauliza binti. Yalikuwa yanafika wapi?

Mkono wa Fundi ulishuka kidogo, ukasimama mbele ya koo lake, naye akainamisha uso kupatazama pale, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kusema. Kamera ikalia mara moja.

Mwalimu akapiga goti, akaivuta futi kutoka ardhini hadi chini ya kiganja, akaisoma namba kimoyomoyo.

— Tumepata, akasema. Asante sana, mzee. Unaweza kushusha mkono.

— Ngoja kidogo, akasema Fundi.