Chekeche la Burhani bin Saburi

Tarehe 30 Juni 1959 Burhani bin Saburi anakabidhi funguo za stoo ya mbegu, Bukoba, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miezi minne. Aliingia tarehe 1 Machi 1929 akiwa karani msaidizi. Anatoka akiwa mtunza stoo. Katika muda wote huo alipanda cheo mara moja tu, na sababu yake inastahili kuelezwa.

Wengi wetu tulimkuta pale. Tulikuta harufu ya magunia, daftari la mwandiko ulionyooka, na kofia yake ikining'inia kwenye msumari uleule karibu na dirisha. Baba yake alitoka Pangani. Yeye alizaliwa Bilele, akakua na Kiswahili cha nyumbani na Kihaya cha barabarani, ila jembe hakulijua. Katika wiki yake ya kwanza kazini aliandika gunia la ulezi kuwa ni mtama. Mwanamke aliyelileta akamwambia, "Waitu, huu ni oburo, ulezi. Mtama ukiwa mdogo hivi umeugua." Alifuta, akaandika upya, na tangu siku hiyo hakuandika jina la mbegu kabla ya kumwuliza mwenye nayo.

Watu wazima wataukumbuka utaratibu wa mwaka 1934. Kila nyumba iliyolima ulezi ilileta mbegu zake stoo, pishi kwa pishi, na kupewa nyingine zilizosafishwa. Burhani alipenda usafi kuliko sisi sote. Alimwagiza fundi wa bati mjini amtengenezee chekeche lenye matundu ya kipimo alichokichagua mwenyewe. Mbegu nono zilibaki juu. Hizo ndizo zilizorudi vijijini, zikilingana kama shanga. Vumbi, changarawe na mbegu ndogo vilipita chini. Kwa kuwa hakuweza kuona kitu kikitupwa, makapi hayo aliyapeleka nyumbani kwa kuku wa mkewe, Bi Zabibu. Kuku hao walinenepa. Ofisini tuliyaita mayai yake mayai ya serikali.

Hali iliendelea hivyo kwa miaka tisa. Stoo ilisifiwa katika kila ukaguzi, na mwanzoni mwa 1943 Burhani aliambiwa ajiandae kwenda Mwanza kuwa mtunza stoo mkuu.

Mwaka huo mvua zilinyesha wiki tatu, zikakatika. Huko rweya, kwenye nyasi nje ya vibanja vya migomba, ambako wanawake hulima ulezi, mashamba yalikauka kabla ya kutoa masuke. Mwanamke mmoja mkulima wa Nshamba, Kokwijuka, alipanda lori la kahawa, akaja Bukoba na mganda wa mabua makavu. Aliuweka juu ya daftari lililokuwa wazi.

"Hii ndiyo mbegu yenu safi," alisema. "Imekufa ikiwa safi."

Ilikuwa saa ya chakula, na mgeni ametoka mbali, kwa hiyo Burhani alimkaribisha nyumbani kwake Bilele. Bi Zabibu akaleta maji ya kunawa. Kokwijuka hakunawa. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kando ya ukuta wa mawe, katikati ya kuku, aliona ulezi uliojiotea, mfupi, masuke yamejaa. Hakuna aliyeupanda wala kuumwagilia. Ulikuwa umepata mvua ileile ya wiki tatu. Alitoka, akapukuchua suke moja kiganjani, akalipuliza.

"Huu ni wa mama yangu," alisema. "Tulidhani umekwisha duniani. Nani amekupa?"

"Sikupewa," Bi Zabibu alijibu. "Ni chakula cha kuku. Bwana huleta kutoka kazini, zile zinazopita chini ya chekeche."

Burhani alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Kokwijuka alimtazama bila hasira. "Ungo hutoa makapi, mwana wange. Chombo chako kimetoa watoto."

Ulezi ule haukuwa wa aina moja. Kokwijuka alihesabu aina tisa uani: wenye vidole vilivyofumba kama ngumi, wenye vidole vilivyotawanyika, mweusi, mwekundu wa udongo, na mwingine uliokomaa wiki mbili kabla ya wenzake. Zote zilikuwa na mbegu ndogo. Zote zilikuwa zimetoweka katika vibuyu vya Nshamba, kwa sababu vibuyu hivyo vilimiminwa stoo mwaka baada ya mwaka.

Jioni ileile Burhani aliandika barua kwa afisa wake kueleza chekeche lilivyofanya, akampelekea Datius, mpiga taipu wetu. Datius alisoma, akaona safari ya Mwanza inazama. "Bwana Burhani, andika tu kwamba mbegu zilipotea," alimshauri. Burhani akamwuliza, "Chekeche lilishikwa na nani?" Datius akapiga barua kama ilivyokuwa.

Safari ya Mwanza alipewa mwingine. Burhani alibaki Bukoba, akapewa kipande cha rweya Nshamba ili athibitishe maneno yake. Alipanda mistari sita ya mbegu kubwa na sita ya mbegu ndogo. Mvua za mwaka 1944 zilikuwa chache tena. Mbegu kubwa zilitoa vibaba viwili. Ndogo, vibaba kumi na saba. Mwaka uliofuata mvua ilikuwa njema, mbegu kubwa zikashinda, naye akaliandika hilo vilevile. Kokwijuka alipoelezwa, alisema angeshangaa kama ingekuwa vingine. Mama yake alichanganya zote katika shimo moja kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia mvua ya mwaka huo.

Kwa miaka kumi na minne iliyofuata, mtu huyu asiyejua jembe alizunguka Nshamba na Kagondo kwa baiskeli, akiomba kiganja cha ulezi jikoni kwa watu. Wanawake walimcheka: "Mzee wa kuku amekuja." Alikubali jina. Leo stoo ina mikebe arobaini na mmoja ya ulezi usiochekechwa, kila mmoja una jina la mwanamke aliyeutoa. Kokwijuka alifariki mwaka 1952. Mkebe namba moja bado ni wake. Aina mbili alizozikumbuka yeye hazijapatikana hadi leo. Mikebe ya aina hizo imo rafuni, mitupu, na kila Januari Burhani huifungua, huipangusa, huirudisha. Bwana Buberwa, anayepokea funguo, ameshaelekezwa afanye hivyo hivyo.

Kwa wanaoanza kazi sasa: mkiona rafu ile imenyooka, msidhani ilianza hivyo.

Ofisi ilikuwa imemwandalia kiti cha kupumzikia. Alishukuru, akaomba kubadilishiwa. Alitaka chekeche, lililotundikwa nyuma ya mlango tangu 1943. Ilibidi liandikiwe barua ya kufutwa katika orodha ya mali, na Datius, ambaye sasa ni karani mkuu, aliipiga kwa mkono wake. Alipoulizwa analitakia nini chombo kilichomgharimu Mwanza, Burhani alisema hataki kumwachia mwenzake kitu kinachofanya kazi vizuri namna ile.

Bi Zabibu ameshalipangia kazi. Kuanzia Julai, anasema, kuku watakula zile zinazobaki juu.

Mzee Burhani, kasinge waitu, hongera kwa kazi. Ahsante kwa mikebe, na ahsante kwa ile barua. Tunakuombea afya, uani pasipokauka, na siku moja mgeni kutoka Nshamba mwenye viganja viwili vya ulezi. Akifika stoo kwanza, tutamwelekeza Bilele.