Magoti Kwanza: Wasifu wa Marehemu Berendina Wolterink

Marehemu Berendina, ambaye kijiji kizima kilimwita Dientje, alizaliwa hapa Vasse tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa marehemu Gerhard na Johanna Nijhuis. Akiwa na miaka saba alimfukua paka wa nyumbani aliyekufa ili aone mkia umeungwaje. Alichapwa, kisha akamzika upya, kila mfupa mahali pake.

Alisoma shule ya kijijini, kisha Oldenzaal, na mwaka 1974 akahitimu tiba ya viungo mjini Enschede.

Kwa miaka arobaini na miwili aliwatibu wakulima wa Ootmarsum, akisaidiwa na Kees, kiunzi cha mifupa cha plastiki. “Kees amesimama kwa sababu ana chuma mgongoni,” aliwaambia. “Ninyi mnasimamishwa na misuli, huu unavuta mbele, huu nyuma. Iheshimuni: mkiinua mzigo, magoti kwanza.” Waliitikia, wakarudi kunyanyua magunia kwa migongo.

Mwaka 1976 aliletewa Harm Wolterink, aliyejitegua mgongo kwa kumnyanyua ndama.

“Mapaja Mungu alikupa ya nini?” Dientje alimuuliza.

“Ya kuvalia suruali, dada.”

Mgongo ulipona wiki ya tatu. Harm aliendelea kuja hadi ya kumi na tano. Walifunga ndoa tarehe 6 Mei 1978.

Oktoba 2021 kikombe kilimponyoka. Ulikuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu: misuli ilikosa amri, ikanywea mmoja baada ya mwingine. “Kidole gumba kimejiuzulu,” alitangaza. Baadaye miguu, kisha sauti. Mifupa ilibaki mizima kabisa, na haikumsaidia kitu.

Kwa desturi yetu jeneza hubebwa na majirani. Dientje, akiwajua, aliagiza wafanye mazoezi ghalani kwa jeneza lililojaa viazi, yeye akitazama kutoka kitini. Harm alitaka kubeba.

“Mzee Harm, mfiwa habebi,” alisema jirani yetu Jans. “Na mgongo wenyewe huo!”

“Desturi ni yenu. Mke ni wangu.”

Wote wakamgeukia Dientje. Binti yake alimshikia ubao wa herufi, naye akachagua kwa macho, moja moja, mpaka likatimia neno: MAGOTI. Harm akachuchumaa, mgongo wima, akainuka na viazi vyake. Dientje akafumba macho mara moja. Kwake hiyo ilikuwa ndiyo.

Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, misuli ya kupumulia nayo iliacha kazi. Alifariki nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Harm. Kati yao, Harm peke yake ndiye aliyeweza kushika.

Ameacha mume, binti yake Marijke, wajukuu watatu, ndugu wawili, na Kees, ambaye hajawahi kuugua.

Dientje, mwili uliokuelemea sasa tutaubeba sisi. Mungu akupe pumziko la utulivu.

Wabebaji, shikeni. Harm, mbele kushoto, kama Dientje alivyoruhusu.

Magoti kwanza.