Lupango ya Mubirizi

Kijiwe chetu kiko Bulengera, mbele ya ligablo, kibanda cha kahawa cha Joyeuse: benchi moja la mbao za mkaratusi, na sisi watu wa kubishana mambo tusiyoyajua. Jumanne hiyo Mama Kaswera, mfugaji nyuki, alikaa nasi, kahawa ikimpolea mkononi. Mizinga yake sita imehamwa na nyuki. Wa mwisho aliukuta mtupu asubuhi hiyo. Nilimwonea huruma, na aibu pia.

— Ni antenne ya simu ya kule mulima, alisema Sadrack, fundi wa simu tunayemwita Ingénieur. Réseau inaingiaka nyuki mu kichwa, inasahau njia.

— Antenne gani! alijibu Maliro, Bourgmestre wetu, meya ambaye hajawahi kuchaguliwa popote. Zilikimbia taxe ya serikali. Saa hii ziko Uganda.

— Na ndege? aliuliza Joyeuse akimimina. Ile ya kujenga viota kwa lupango, kile kiwanja ya kanisa, nayo ilikimbia taxe?

— Nayo! Ndege na nyuki ziko na chef moja. Akipiga filimbi, zote zinaenda.

Mwalimu Octave, mgeni kutoka Kasaï, alimgeukia Kaswera.

— Mama, nyuki yako ilikuwa inakula maua ya nini?

— Mubirizi. Lupango yote ya kanisa ilikuwa mubirizi. Haiombake kitu: unakata fimbo, unachomeka mu udongo, mvua inanyesha, inaota. Juu maua nyeupe na nyuki, ndani ndege. Mutoto akiumwa na tumbo, unachuma majani.

— Na sasa?

Nilijibu mimi.

— Mie nilikuwa chef wa salongo, kazi ya wote ya kusafisha mtaa. Nilisema ile ni pori, inaficha nyoka. Tukakata asubuhi moja, tukapanda mukaratusi juu ya kupata mbao. Nayo tunaikata kabla itoe maua.

— Mie nilikata mubirizi ya kwangu kisha, alisema Ingénieur polepole. Nilisema ya Bourgmestre itabakia.

— Na mie nilisema ya kwako, alisema Bourgmestre.

Octave alisimama, akajipangusa suruali. Maskini, alidhani jambo limekwisha.

— Bon, si ni fimbo moja tu? Nani iko nayo kwake? Tuende tukate, mama apande leo.

Ingénieur alimtazama Bourgmestre. Bourgmestre alinitazama mimi. Joyeuse alitikisa thermos, hamna kitu.

Mama Kaswera alikuwa ameshaweka kikombe chini na kusimama, tayari kwenda.

— Kwa nani? aliuliza.