Mwalimu Elkanah Mwiti, Fundi wa Magitaa wa Garissa (1961–2024)

Mwalimu Elkanah Mwiti alizaliwa tarehe 22 Agosti 1961 huko Nkubu, Meru, mtoto wa tatu wa seremala. Alisoma hapo nyumbani, kisha akahitimu ualimu wa ufundi mwaka 1985.

Januari 1986 alitumwa Garissa kufundisha useremala. Wenzake wengi waliomba uhamisho kabla ya mwaka kwisha. Yeye alibaki hadi alipostaafu mwaka 2021, na baada ya hapo hakuondoka.

Mwaka 1989 alimwoa Kananu, muuguzi, wakajaliwa watoto wawili.

Alianza kutengeneza magitaa mwaka 2012. Ndani ya gitaa, pale ubavu unapokutana na uso, hugundishwa vipande vyembamba vya mbao vinavyolishikilia lisifunguke. Katika magitaa kumi ya kwanza alitumia saiprasi ya Meru. Joto la Februari liliyafungua sita. Watu walicheka, wakasema Garissa haitengenezi kitu. Mwalimu hakulaumu jua. Aliyakusanya yote kumi akayavunja.

Rafiki yake Abdow, muuza mbao, alimwambia, "Walahi Mwalimu, mbao yako ni mgeni. Hata ngamia ukinunua mbali, unaacha izoee maji ya hapa kwanza. Wewe unapeleka kazi siku ya kwanza!"

"Basi nipe mwenyeji."

"Mukau iko. Lakini wewe na haraka yako, sijui."

Tangu hapo alitumia mukau, mti wa nchi kavu. Alichagua mbao nyepesi zenye nyuzi zilizonyooka, akaziweka kivulini hapa hapa Garissa miaka miwili kabla ya kuzikata. Hakuna gitaa lake jingine lililofunguka. Waliocheka walikosea, na ni haki hilo lisemwe leo wakisikia.

Januari 2023 figo zake zilianza kushindwa. Mwezi wa Machi mwaka huo aliweka kivulini mbao za gitaa aliloahidi kwaya ya kanisa hili. Mwaka huu, mwishoni mwa Oktoba, bintiye Kathure alimsihi aruhusu ligundishwe, alisikie.

"Bado. Ni Machi."

"Baba, Machi hutakuwepo."

"Gitaa litakuwepo."

Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2024, Kananu akiwa amemshika mkono. Wengi wameuliza kwa nini kwaya imeimba leo bila gitaa. Sababu ni hiyo.

Ameacha mjane wake Kananu, watoto Kathure na Mutwiri, mjukuu mmoja, ndugu wanne, na rafiki yake Abdow.

Apumzike kwa amani. Tutagundisha Machi.