Ubeti wa Kukubali

Watu wakiniuliza kazi yangu nasema nauza kahawa, lakini kazi yenyewe ni kusikiliza upuuzi. Benchi langu lipo Chang'ombe, limeegemea ukuta wa duka la vitambaa la Mzee Chandulal, mahali ambapo upepo wa Dodoma ukikutupia vumbi unakufuata nalo mpaka kwenye kikombe. Mimi wananiita Mama Birika. Pembeni ya birika huwa naweka kashata, na kashata hizo haziliwi. Sheria hiyo sikuiweka mimi ninayezipika. Aliiweka Zablon, dereva mstaafu wa wakubwa, tunamwita Mheshimiwa, siku aliyotangaza kwamba mwanaume kamili anakunywa kahawa chungu, basi. Tangu siku hiyo wote wanakunywa wamekunja sura kama wanameza dawa. Halafu mmoja mmoja, wenzie wakishaondoka, ananinong'oneza nimfungie kashata za watoto. Chandulal hana mtoto nyumbani tangu binti yake Vaishali aolewe Tabora.

Jana alasiri alikuja Bartolomayo, yule mwenye shamba la zabibu, ambaye kwetu ni Baba Raheli. Kwa kawaida huanza na salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", na kucheka. Jana alikaa tu.

– Kuna msiba? – akauliza Mheshimiwa.

– Raheli amenikatalia.

– Mchumba?

– Ngonjera.

Akaeleza. Jumamosi ni mahafali ya kidato cha nne, na Raheli amepewa ngonjera na mwenzie. Mwenzie anasifu njia waliyopita wazee. Raheli ni yule mkaidi anayetaka kupita porini. Wanabishana mpaka mwisho, kisha mkaidi anatoa ubeti wa kukubali, wazazi wanapiga vigelegele, mgeni rasmi anafuta miwani. Ndivyo ngonjera zote zinavyokwenda. Sasa Raheli anasema beti zote atazisema, ule wa mwisho hausemi.

– Kwa nini?

– Anasema hajakubali.

Meshack, kijana wetu wa bodaboda, akapaliwa na kahawa. Huyo tunamwita Shotikati, maana hajawahi kumpeleka abiria kwa njia ambayo abiria anaijua.

– Baba Raheli, hiyo si ni maigizo tu? Mtu akiigiza amekufa, anazikwa?

– Nimemwambia hivyo hivyo. Akaniuliza, mbona basi wanataka nikubali kwa sauti kubwa?

Nikammiminia kahawa.

– Mwalimu Devota amempa mpaka leo jioni, – akasema Baba Raheli. – Asipokubali, anawekwa mwanafunzi mwingine, Hilda. Na mimi wajomba zake nimeshawaita. Wanatoka Mvumi, gari zima. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumaliza kidato cha nne, sembuse kushika kipaza sauti. Nataka nimwone mwanangu pale mbele. Nipeni maneno ya kumwambia. Anapita hapa akielekea mazoezini.

Hapo nikajua leo birika halitatosha. Ukitaka kuwaona wanaume hawa wamefurahi, waombe ushauri.

Akaanza Mheshimiwa, kwa kujiweka sawa koti.

– Mwambie kuhusu msafara. Mimi nimeendesha misafara. Gari la mbele likikata kushoto, wote kushoto. Huulizi. Ndiyo maana wakubwa wanafika.

– Wanafika wapi? – akauliza Chandulal.

– Wanapokwenda.

– Na ile siku mliyoingia kwenye mtama wa watu kule njia ya Kondoa?

Mheshimiwa akakohoa. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe na sasa inamtafuna. Gari la mbele liliacha barabara, magari yote yakafuata, yakalaza mtama wa watu, na walipofika katikati ya shamba dereva wa kwanza akashuka kukojoa.

– Lakini tulikuwa pamoja, – akasema.

– Hiyo usimwambie, – akasema Baba Raheli kwa huzuni.

Shotikati akaingilia.

– Mzee, unakosea kumwomba huyu. Mtu wa kujua njia ni mimi. Mimi ndiye mkaidi mwenyewe wa kwenye hiyo ngonjera. Nilivumbua njia yangu ya kwenda Zuzu, nakatiza nyuma ya majaruba, natokea relini. Peke yangu. Upepo, ndege, raha.

– Sasa mbona siku hizi unapita barabarani?

– Kule kumejaa bodaboda.

Chandulal akacheka mpaka kikombe kikatikisika. Akaulizwa yeye amechagua nini maishani.

– Baba yangu alinipa uhuru kamili, – akasema. – Alisema, Chandu, chagua mwenyewe. Uingie dukani kwa mlango wa mbele au wa nyuma.

– Ukachagua upi?

– Wa nyuma. Nilikuwa kijana, nilikuwa na hasira.

Baba Raheli akawakumbusha kwamba mtoto anakuja. Ndipo Shotikati akaja na jipya.

– Sikilizeni. Hizi njia zote tunazogombania zilianzishwa na mbuzi. Mbuzi walipita, watu wakapita, ikaja greda, ikaja lami. Mnaishi mnafuata mbuzi.

– Kwa hiyo wazee wanaosifiwa kwenye ngonjera, – akasema Chandulal, – ni mbuzi.

– Kwa heshima zote.

– Hapana, – akasema Mheshimiwa, ambaye sasa alikuwa amelishika jambo kwa uzito wa baraza la mawaziri. – Mbuzi naye hachagui. Mbuzi anafuata mbuzi aliye mbele yake.

– Na yule wa mbele kabisa?

Wakafikiri. Nilimwona Mheshimiwa akihesabu mbuzi kichwani.

– Yule wa mbele kabisa, – akasema, – alikuwa amepotea.

Nikawaambia kama hayo ndiyo maneno ya kumwambia mtoto, basi bora anyamaziwe. Wakanitazama kama birika ndilo lililoongea. Mheshimiwa akasema mwanamke hawezi kuelewa mambo ya msafara. Nikamwongezea kahawa ya chini kabisa, ile yenye mashapo.

Raheli akatokea kona ya msikitini, sare imenyooshwa, soksi tayari nyekundu kwa vumbi.

– Shikamooni.

– Marahaba, – wakaitikia wote kwa mara moja, na kila mmoja akatazama kwingine.

– Umeamuaje, mama? – akauliza baba yake. Humwita mama kwa sababu amebeba jina la bibi yake.

– Nimefikiri, baba. Wajomba wanatoka mbali. Nitaukubali.

Baba Raheli akashusha pumzi. Mheshimiwa akatikisa kichwa kana kwamba msafara wake umefanya kazi.

– Ila naomba kitu kimoja, – akasema Raheli. – Mniambie nimeshindwa na ubeti gani. Nikiujua, nitausema ule wa mwisho vizuri, na nitakuwa namaanisha.

– Si hizo beti za mwenzio zote? – akasema Shotikati.

– Ngoja niwasomee.

Akasimama kama vile yupo jukwaani, mikono nyuma, akatoa ubeti wa mwenzie:

*Njia babu alopita, ndiyo njia ya salama,*
*Miiba aliikata, mawe akayasukuma,*
*Wewe nawe ukifata, hutarudi ukihema,*
*Rudi njiani mwenzangu, pori halina huruma.*

– Huo mzuri, – akasema Mheshimiwa.

– Mzuri. Mimi namjibu hivi:

*Babu alipoanzia, njia yenyewe hapana,*
*Porini aliingia, mwenzake hakumuona,*
*Leo mnaniambia, pori halina maana,*
*Sirudi njiani kwenu, yangu bado sijaona.*

– Halafu yeye anajibu nini? – akauliza baba yake.

– Hajibu. Anarudia kwamba pori halina huruma. Mimi naongeza, yeye anarudia. Mara ya nne natakiwa niseme, *Nimetubu nimekoma, nawafuata wenzangu.* Sasa, baba, pale kati amesema nini?

Chandulal alikuwa anachunguza ukuta wake mwenyewe. Shotikati alifungua mdomo na akaufunga, jambo ambalo sijaliona tangu niweke benchi hili. Mheshimiwa alisema, "Kimila...", akaishia hapo hapo. Raheli hakuwa anatukejeli. Alikuwa anasubiri, amemkazia baba yake macho, kama mtu aliyeuliza basi la Mvumi linapaki wapi.

Baba Raheli aliurudia ule ubeti wa babu polepole, midomo ikicheza bila sauti. Alifika mwisho, akaanza tena. Nilimwonea huruma. Mtu amelima zabibu miaka yote kwa ajili ya Jumamosi moja, na Jumamosi yenyewe ndiyo hiyo inamponyoka mkononi.

– Sijauona, – akasema mwishoni.

– Nami sijauona.

– Basi usiseme umekubali.

– Atasimama Hilda, baba.

– Asimame.

– Na wajomba?

– Watakula pilau. Usidhani wanakuja kwa ajili ya ngonjera. – Sauti yake ilikuwa imekwaruza, na hakuificha. – Nenda kamwambie mwalimu wako. Mwambie baba naye ametafuta.

Raheli akatuaga kwa adabu, akaenda. Baba yake alimsindikiza kwa macho mpaka kona ya msikiti, na hata alipokwisha kupotea aliendelea kutazama pale pale.

– Umemharibu mtoto, – akasema Mheshimiwa.

– Kweli, – akasema Shotikati.

– Kweli kabisa, – akasema Chandulal.

Nilikuwa nimechoka nao. Nikatikisa birika, nikawaambia kahawa imekwisha. Ilikuwa imebaki ya vikombe vitatu. Wakaanza kutafuta kandambili zao chini ya benchi, ila Baba Raheli hakuinuka.

– Mama Birika, – akasema, si kwa kunong'ona, – nipe kashata.

Nikamtazama. – Za watoto?

– Zangu.

Nikampa. Akaiuma pale pale benchini, mbele yao wote, mchana kweupe, makombo ya karanga yakamdondokea kwenye shati. Hakuna aliyecheka. Waliitazama ile kashata ikipungua.

– Na mimi nipe, – akasema Chandulal.

– Na mimi, – akasema Shotikati.

Mheshimiwa alivumilia. Alitazama barabara, akatazama saa yake ambayo haijatembea tangu astaafu, akatazama tena sinia langu. Kisha akanyoosha mkono.

– Leta moja, – akasema. – Nisije nikaonekana mimi ndiye mkaidi.