Risasi ya Fundi Salat

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Kama chai iko jikoni, imimineni sasa, maana leo nawasimulia habari za birika. Mimi ni Rukiyo Duale. Tunamkumbuka Mzee Salat Mursal, fundi wa mabati na chuma, aliyetutoka Jumanne iliyopita hapa Garissa. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Fundi Salat, nasema tena, fundi wa mabati na chuma. Kama kwenu kuna ndoo kuukuu isiyovuja, pengine mkono wake umepita hapo.

Nilikwenda msibani Alhamisi. Mjane wake, Bi Kaaha, amekaa eda. Aliniketisha karibu naye, akasema, "Rukiyo, usimseme kama malaika. Mume wangu alikuwa mbishi." Haya, mama, nimesikia. Alikuwa mbishi.

Ubishi wenyewe ulianza mapema. Ukoo wao ni watu wa ngamia, na kwa watu wa ngamia wa siku zile, kushika nyundo ilikuwa aibu. Yeye akaenda mjini kumfanyia kazi fundi Mhindi aliyeitwa Velji. Ndugu zake walimcheka mpaka wakachoka. Miaka mitatu alivukuta moto, akajifunza kukata bati, kukunja na kulehemu. Kiswahili chake chote alikipata kwenye kile kiduka, koleo mkononi. Ila herufi moja ilimshinda mpaka kaburini. Salat alimwita mwalimu wake Felji, na Velji mwenyewe alishazoea kuitwa hivyo.

Sasa tufike mwaka 1966. Wazee wetu wanaujua mwaka ule, na wengi hawapendi kuuongelea. Vita vya kujitenga vilikuwa vimepamba moto. Huendi mahali bila kibali, na askari wako kwenye kila njia ya kuingia na kutoka mjini. Bidhaa haziji, wateja wamepungua. Velji akaamua kufunga duka ahamie Mombasa. Akamwambia Salat kwamba vyombo vya kazi havibebi, na kama anavitaka avinunue.

Salat alikuwa amebakiwa na ngamia mmoja tu, jike la maziwa. Akamuuza. Hebu fikirini, wasikilizaji wapendwa. Mwanamume wa Kisomali, ameoa juzi, mkewe mjamzito, anauza ngamia wa maziwa anunue vyuma vilivyochakaa! Bi Kaaha anasema siku ile alimpikia mumewe, lakini hakuzungumza naye.

Lakini msidhani alinunua kama kipofu. Fuawe, lile pande zito ambalo fundi hufulia chuma juu yake, aliigonga kwa nyundo ndogo kutoka pembe hadi pembe, sikio limeinamishwa. Alikuwa akisema chuma kizima huitika, chenye ufa hunung'unika. Jiliwa, lile la kubania chuma, alilifungua na kulifunga mara kumi, akipitisha ukucha kwenye skrubu kutafuta meno yaliyoliwa. Drili ya mkono aliikataa, eti mpini unacheza. Walibishana hadi Velji akachoka, akampa bure. Akachukua na tupa, mikasi ya bati na chuma cha kulehemu. Mwishoni, Velji akamwongezea kopo la samli lililojaa vipande vya risasi.

Hapo ndipo penye kisa. Kwa fundi wa mabati, risasi ni yale madini laini yanayoyeyushwa kuzibia tundu la birika. Velji alikuwa akimimina mabaki mchangani, yanaganda vidonge vidonge, kama kokwa za tende. Kwa askari je? Risasi ni risasi. Na nyinyi mnaojua Kisomali msijifanye mngepona, maana rasaas ni neno lile lile. Mtego ni mmoja katika lugha mbili.

Salat alipakia vyombo vyote kwenye gari la punda kuelekea kwake, pembezoni mwa mji. Kwenye kizuizi cha barabarani, sajini akauliza kitu kimoja kimoja. Hiki nini? Fuawe. Na hiki? Jiliwa. Na kwenye kopo kuna nini? Neno ambalo Salat alikuwa akilisema mara ishirini kwa siku, kwa miaka mitatu, likamtoka lenyewe.

"Risasi, afande."

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Alilazwa chini hapo hapo. Punda, gari, vyombo, vyote vikachukuliwa. Alipojaribu kueleza kwamba ni ya kuzibia mabirika, sajini alimuuliza swali moja tu: ikiyeyushwa, haiwezi kumiminwa ikawa ya bunduki? Na Salat, mbishi lakini si mwongo, akajibu kwamba inaweza. Jamani, mtu huyu! Wakati ule kukutwa na risasi kungeweza kukutoa roho. Narudia ili vijana wanielewe, kungeweza kukutoa roho.

Alikaa ndani siku tisa. Kaaha hakuruhusiwa kumwona. Wanaume wa ukoo waliogopa kwamba wakienda nao watabaki huko huko, wakakaa kuomba dua. Siwalaumu. Kaaha, mimba yake ya miezi saba, alipita nyumba kwa nyumba akiulizia vyombo ambavyo mumewe aliviziba. Siku ya kumi akaenda kambini na wanawake sita. Huyu amebeba ndoo, yule karai, na Kaaha birika lake la chai. Akalipindua juu ya meza ya sajini, akamwonyesha doa la kijivu kwenye kitako. Alinirudia maneno aliyosema, kwa Kiswahili chake kile kile:

"Afande, risasi ya bwana yangu iko hapa. Weka maji. Kama maji natoka, funga mimi na yeye."

Sajini akaligusa doa lile kwa kidole. Kisha akaagiza maji. Vyombo vyote saba vikajazwa, vikapangwa kwenye sakafu kavu ya saruji, na watu wakakaa kusubiri. Bi Kaaha anasema hajawahi kuyaogopa maji kama siku ile, maana ndoo moja Salat aliiziba akiwa bado anajifunza. Adhuhuri ikaingia, wanawake wakaswali pale pale uani. Walipomaliza, sajini akaviinua vyombo kimoja baada ya kingine, akapapasa sakafu kwa mkono wake. Ilikuwa kavu.

Salat aliachiwa alasiri ile. Alirudishiwa kila kitu, hata ile drili ya bure. Kopo la samli tu ndilo lililobaki kambini.

Tangu siku ile Fundi Salat hakulitamka tena neno hilo. Risasi aliiita dawa. "Lete dawa," "dawa imeisha." Watu wakidhani ni utani, na yeye akawaacha wadhani. Batula, yule aliyekuwa tumboni, ndiye aliyerithi nyundo. Ndiyo, mwanamke, na mnaonuna endeleeni kununa. Anasema fuawe ya Velji bado inaitika.

Batula alinisimulia jambo, nami kwa ruhusa yake nawaambia. Jumapili, siku mbili kabla ya kufariki, mzee alimwita kitandani. "Abo aliniambia, 'Batula, risasi iko kwenye kopo la juu, usiache iishe.' Sijawahi kumsikia akilitaja neno hilo maishani mwangu. Halafu akageuza shingo, akatazama mlangoni."

Zaidi ya miaka hamsini, wasikilizaji wapendwa. Na mlangoni hapakuwa na mtu. Nililia, siwafichi.

Bi Kaaha, Batula, na ukoo mzima wa Mursal, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe, ampe mapumziko yasiyo na kizuizi. Nasi tuliobaki tujiulize: ni mara ngapi tumemfunga mtu kwa neno moja, bila kumuuliza analifanyia kazi gani?

Kabla sijaondoka msibani, walinimiminia chai kutoka birika lile lile. Nikaomba nilishike. Nikaweka kiganja chini ya kitako chake, nikasubiri kidogo. Kiganja kilibaki kikavu.